Mvua ya Unguja, Ukame wa Dekani

Kusi haiishii Unguja. Sisi watu wa visiwani tunaijua kwa ngozi zetu: ikianza kuingia, mwezi wa nne hivi, joto linapungua, bahari inabadilika, na zamani za majahazi huo ndio ulikuwa wakati wa wageni kurudi kwao Arabuni na Bara Hindi. Ikikaza, mwezi wa sita na wa saba, bahari imefungwa. Hakuna nahodha mwenye akili zake aliyetweka tanga. Skuli tulifundishwa mpaka hapo. Hatukuambiwa kwamba upepo huohuo unapita pwani ya Kenya na Somalia, unavuka ikweta, unageuka juu ya Bahari ya Arabu huku ukibeba maji njia nzima, na kuyamwaga India kuanzia mwanzo wa Juni. Kile ambacho kwetu ni ubaridi na mawimbi, kwao ni chakula cha mwaka.

Lakini hawagawiwi sawa. Upepo ukipanda milima ya Ghats, upande wa magharibi, sehemu kubwa ya mvua inabaki hukohuko mlimani. Mji wa Mahabaleshwar, juu kabisa, hupata zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka. Nenda mashariki kilomita mia moja na kidogo tu, unakuta mashamba yanayopata 500 au 600, na mwaka mbaya hata hizo hayapati. Hiyo ndiyo nyanda ya Dekani. Watu wa huko wanalima mtama, uwele, mbaazi, karanga na nyonyo, mazao ambayo mtu wa Dodoma angeyatambua bila kuambiwa. Na shida yao si uchache wa mvua peke yake. Mvua inaweza kuja vizuri wiki tatu, mbegu ikaota, kijani kikapendeza, halafu ikakatika mwezi mzima. Ukipima mwisho wa mwaka unaambiwa mvua ilikuwa ya kawaida. Kawaida gani hiyo, wakati shamba limeshakauka?

Nimekuwa nikisoma habari za namna watu wa huko walivyojipanga kwa ajili ya ukame, na kila nikisoma naona makundi mawili. Kuna waliotaka kujua kama mvua itanyesha. Na kuna waliouliza: isiponyesha, hasara abebe nani? Kundi la kwanza ndilo lenye majina makubwa na vyombo vya kupendeza. La pili, kwa maoni yangu, ndilo lililookoa roho za watu.

Tuanze na mwaka ambao hakuna aliyeuliza swali la pili. Mvua za 1876 zilikatika Dekani, na za mwaka uliofuata hazikuwa na afadhali. Kufikia 1878 waliokufa kwa njaa na maradhi yake walikuwa zaidi ya milioni 5, na wako wanahistoria wanaokwenda juu sana ya hapo. Usidhani India nzima haikuwa na chakula. Ngano iliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Reli, ambazo watawala walijisifu kwamba zitamaliza njaa, zilichukua nafaka kutoka wilaya zenye shida na kuipeleka kwenye maghala ya wafanyabiashara mijini, maana bei nzuri ilikuwa huko. Tarehe 1 Januari 1877, wakati watu wa Madras wanakufa, Lord Lytton alikuwa Delhi akiongoza sherehe za kumtangaza Malkia Victoria kuwa Malkia Mkuu wa India.

Halafu kuna habari ya Sir Richard Temple, ambayo mimi kila nikiisoma hasira zinanipanda. Bwana huyu mwaka 1874 alisimamia ukame wa Bihar. Alinunua mchele Burma, akaugawa, na vifo vikawa vichache mno. Shukrani aliyopata ni kulaumiwa kwamba ametapanya pesa. Basi alipotumwa Madras mwaka 1877 alikuwa ameshajifunza somo lake, somo baya. Aliweka ujira wa watu wanaofanya kazi za msaada, kuchimba na kuvunja mawe juani kutwa, kuwa ratili moja ya nafaka kwa siku na visenti kidogo. Daktari mkuu wa afya wa Madras, W. R. Cornish, alipiga kelele kwamba chakula hicho hakimtoshi mtu anayefanya kazi ngumu. Baadaye kipimo kiliongezwa. Waliokuwa wamekwisha kufa walikuwa wamekwisha kufa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mwaka 1877 hapakuwa na mpango. Mpango ulikuwepo, tena wenye hesabu safi, ila hesabu yenyewe ilikuwa ya kuokoa hazina ya serikali.

Baada ya maafa hayo iliundwa Tume ya Njaa chini ya Richard Strachey. Ripoti yake ya 1880 ina jambo moja la maana sana: ilikiri kwamba ukame, kabla ya kumnyima mtu chakula, unamnyima kazi. Mkulima hana cha kuvuna, kibarua hana pa kulipwa, fundi hana mteja, na nafaka iliyoko sokoni inakuwa pambo. Kutokana na ripoti hiyo zilitungwa Kanuni za Njaa. Afisa wa wilaya aliambiwa atazame dalili: bei zinapanda? watu wanahama ovyo? wizi umezidi? Akiona hivyo afungue kazi za majaribio, na watu wakija kwa wingi ajue njaa imeingia, aanzishe kazi kubwa, na wasiojiweza wapewe chakula bure. Kwa karne ile ilikuwa hatua. Lakini kanuni ni karatasi, na lazima mtu aamue kuifungua. Bengal mwaka 1943 watu kama milioni 3 walikufa, na Kanuni za Njaa hazikutangazwa kabisa.

Sasa turudi kwa kundi la kwanza, la watabiri, kwa sababu hapo ndipo Unguja inapoingia.

Idara ya hali ya hewa ya India iliundwa 1875. Mkuu wake wa kwanza, Henry Blanford, aliona kwamba theluji ikiwa nyingi katika milima ya Himalaya, mvua za kiangazi hupungua. Tarehe 4 Juni 1886 akatoa utabiri rasmi wa kwanza wa msimu mzima. Aliyemfuata, John Eliot, akaongeza dalili nyingine, na ripoti zake zikawa ndefu. Mwaka 1899 alitabiri mvua nzuri. Mvua hazikuja. Ukame wa mwaka huo ulipiga Gujarat, Rajasthan na Dekani, ukaacha jina ambalo wazee wa huko walilitaja kama sisi tunavyotaja mwaka wa gharika: Chhappaniyo, yaani mwaka wa hamsini na sita, kwa kuwa kalenda yao ilisoma 1956. Magazeti yaliisema idara mpaka utabiri ukafanywa siri ya serikali kwa miaka kadhaa. (Kutch na Kathiawar, zilizopigwa vibaya mwaka ule, ndizo asili ya familia nyingi za Kihindi za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Sisemi njaa ndiyo iliyowaleta. Biashara yao na sisi ni ya karne nyingi kabla. Ila sidhani tumewahi kuwauliza jirani zetu hawa walikimbia nini.)

Mwaka 1904 akaingia Gilbert Walker. Huyu hakuwa mtu wa mawingu, alikuwa mwanahisabati wa Cambridge. Alikusanya takwimu za hewa na mvua kutoka dunia nzima, akawaweka makarani wa Kihindi wazipige hesabu kwa mkono, mwaka baada ya mwaka, kutafuta kipi kinakwenda pamoja na mvua za India na kipi kinakwenda kinyume. Akapata orodha fupi: theluji ya Himalaya, kani ya hewa ya Mauritius, kani ya hewa ya Amerika ya Kusini, na mvua ya Unguja ya mwezi wa nne na wa tano. Ndiyo, masika yetu! Masika yakizidi hapa, alisema, ni dalili mbaya kwa wakulima wa kule. Ninapofikiria karani wa Unguja aliyekuwa akimwaga maji ya kipimo kila asubuhi na kuandika tarakimu yake daftarini, sidhani kama alijua kwamba tarakimu hiyo inaangaliwa ng'ambo ya bahari na watu wanaotaka kujua kama mtama wa Dekani utaota.

Kazi ya Walker ilizaa jambo kubwa. Aligundua kwamba kani ya hewa ya Bahari ya Pasifiki na ile ya Bahari ya Hindi hupokezana kama watoto wa pembea, na mwaka 1924 akaupa mtindo huo jina linalotumika hadi leo katika habari za El Niño. Lakini utabiri wenyewe? Dalili zake nyingi zilififia kadiri miaka ilivyokwenda. Mwaka 1997 El Niño ilikuwa kali ajabu. Sisi Afrika Mashariki tulikiona cha moto, madaraja yakasombwa, na neno Elinino likaingia katika lugha yetu moja kwa moja. India wakajiandaa kwa ukame, wakapata mvua za kawaida. Mwaka 2002 idara yao, kwa kutumia vigezo 16, ilitangaza msimu wa kawaida, asilimia 101. Mwezi wa saba mvua zikapungua kwa zaidi ya nusu, na msimu ukaisha kwa asilimia 81. Wataalamu si wajinga, na siku hizi wana vyombo ambavyo Walker hakuviota. Hata hivyo mkulima aliyekopa mbegu kwa kuamini asilimia 101 hakurudishiwa mkopo na mtu.

Wakulima wenyewe kwa muda wote huo hawakukaa wakisubiri Cambridge. Walikuwa na mpango wao, na ukiutazama vizuri ni mpango wa mtu aliyekubali kwamba hajui. Anapanda mtama na mbaazi shamba moja, mistari kwa mistari. Mtama unavunwa baada ya miezi minne hivi. Mbaazi, zenye mizizi mirefu, zinabaki zikifyonza unyevu wa chini, na mvua ikiukata mtama njiani, mbaazi huenda zikapona. Mwenye mashamba matatu hapendi yawe mahali pamoja, kwa sababu wingu la Dekani linaweza kunyesha upande huu wa kilima na kuuacha ule. Mvua zikichelewa mpaka mwezi wa saba uishe, anaachana na mtama wa msimu huo, anapanda nyonyo au kulthi, jamii ya kunde isiyodai maji mengi. Huko Solapur, kwenye udongo mweusi mzito, mtama mwingi hupandwa mvua zinapokwisha, mwezi wa tisa au wa kumi, ukaishi kwa unyevu ulioshikwa na udongo. Mgeni akiona anaweza kudhani ni uzembe, mtu anapanda masika yameondoka.

Mwaka 1972 kituo cha utafiti cha ICRISAT kilianzishwa Patancheru, karibu na Hyderabad, na kuanzia 1975 wakawekwa watu wa kuishi vijijini, Aurepalle, Shirapur, Kanzara, wakiandika mwaka hadi mwaka nani amepanda nini, amekopa wapi, ameuza nini. Mmoja wa wachumi wa kituo hicho, N. S. Jodha, aliyekwisha kuuchunguza ukame wa Rajasthan, alieleza kitu ambacho mwanasiasa akikisikia hana budi anyamaze. Ukame ukiingia, familia haianzi kwa kuuza ng'ombe. Inaanza kwa kula kidogo. Harusi inaahirishwa, mlo unapunguzwa, vito vya mke vinakwenda kwa mkopeshaji, na ng'ombe wa kulima anashikiliwa mpaka mwisho. Kwa nini? Kwa sababu mwaka wa ukame kila mtu anauza, bei ya ng'ombe inakuwa ya bure. Na mvua zikirudi kila mtu anatafuta wa kununua, bei inapaa. Aliyeuza wa kwake hatalima mwaka unaofuata. Kwa maneno mengine, bima ya mkulima huyu ni tumbo lake, na kwa kawaida tumbo la mke na la binti hutangulia kutozwa.

Hapo ndipo naona umuhimu wa mambo ya Maharashtra. Kuanzia 1970 mvua zilikosa miaka mitatu mfululizo, na msimu wa 1972-73 ulikuwa mbaya kuliko yote. Mavuno ya nafaka yalianguka karibu nusu. Kwa hesabu za 1877 hayo yalikuwa maafa ya mamilioni. Safari hii serikali ya jimbo ilifungua kazi za ujira kila wilaya: barabara, mabwawa madogo, matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mwezi wa tano 1973 watu karibu milioni 5 walikuwa kazini, wanawake wengi sana miongoni mwao. Na hawakuwa watu wa kushukuru kimyakimya. Waliandamana, walizingira ofisi, walidai ujira uongezwe na kazi isifungwe. Kulikuwa na dhiki na utapiamlo, tusipake rangi, lakini vifo vya njaa kuu havikutokea. Ujira uliingia nyumbani, nafaka ikafuata ujira, kama ile tume ya 1880 ilivyokuwa imeona bila kuwa na moyo wa kulipia.

Wakati huohuo mwanasiasa V. S. Page alikuwa akisukuma wazo kwamba kazi hiyo isiwe hisani ya mwaka wa shida, iwe haki. Mtu mzima wa kijijini akija kuomba kazi, serikali ilazimike kumpa. Sheria ilipitishwa 1977 na kuanza kutumika Januari 1979, na sehemu ya gharama ikatokana na kodi waliyokatwa wafanyakazi wa mijini. Karani wa Bombay aliyelalamikia makato yake ya mshahara alikuwa anabeba kipande cha ukame wa Solapur, apende asipende. Mwaka 2005 Bunge la India likapitisha sheria ya nchi nzima, siku 100 za kazi kwa kila kaya ya kijijini kwa mwaka. Iliugua maradhi yanayojulikana, majina hewa, ujira uliocheleweshwa miezi, barabara zisizofika popote. Hata hivyo, ukilinganisha na ratili moja ya Temple, mtu wa Dekani alikuwa na kitu cha kudai.

Ipo na njia ya bima, na hii ina historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1915 afisa wa Mysore, J. S. Chakravarti, alipendekeza mkulima alipwe kwa kipimo cha mvua: wakala wa bima asiende shamba kwa shamba kubishana na watu, atazame tu chombo cha wilaya, na mvua ikiwa chini ya kiwango fulani wote walipwe. Mwaka 1920 akatoa kitabu. Wazo likalala. Mwaka 2003, Mahbubnagar, iliyoko sasa katika jimbo la Telangana, shirika la mikopo la BASIX na kampuni ya ICICI Lombard waliuza bima ya namna hiyohiyo kwa wakulima wa karanga na nyonyo, na dunia ikaambiwa ni uvumbuzi mpya. Wazo ni zuri. Tabu yake ni lile wingu nililolitaja, linalonyesha upande mmoja wa kilima. Chombo kiko makao makuu, kimepata mvua. Shamba lako liko kilomita kumi mbele, halikupata tone. Kwa mujibu wa karatasi, wewe huna ukame.

Kijiji cha Hiware Bazar, wilaya ya Ahmednagar (jina jipya Ahilyanagar), kimechagua kuhesabu kitu kingine. Ukame wa 1972 ulikivunja kijiji hicho, watu wakahamia mijini kutafuta vibarua. Mwaka 1989 wanakijiji walimchagua kijana msomi, Popatrao Pawar, kuwa mwenyekiti wao. Walichimba mitaro ya kushika maji vilimani, wakapanda miti, wakazuia mifugo kulishwa ovyo. Hayo yamefanywa pengi. Lililo gumu ni lile walilojikataza: hakuna visima virefu vya mashine kwa umwagiliaji, hakuna miwa, hakuna ndizi. Na mvua zinapokwisha, wanakaa kikao. Wanapima mvua iliyoingia na maji yaliyoko visimani. Kwanza wanatoa ya kunywa watu na wanyama, kisha wanagawa yanayobaki kwa mazao, na maji yakiwa machache wanapanga mazao yasiyo na kiu. Wametoka kwenye kutabiri mvua ijayo, wakaanza kuigawa iliyokwisha kunyesha. Kikao hicho si kitu chepesi, maana mwenye ekari nyingi na mwenye nusu ekari wote wako hapo, na mwenye nyingi anaambiwa huwezi.

Nje ya kijiji hicho, katika jimbo hilohilo, mambo ni mengine. Miwa inachukua sehemu ndogo ya ardhi ya Maharashtra na sehemu kubwa mno ya maji ya umwagiliaji, na viwanda vya sukari vina wenyewe, wengi wao watu wa siasa. Wilaya ya Latur ni nchi ya ukame na ya miwa kwa pamoja. Baada ya misimu miwili mibaya, tarehe 12 Aprili 2016 gari la moshi liliingia Latur kutoka Miraj likivuta mabehewa 10 ya maji, lita 500,000, na watu wakaenda stesheni kulitazama. Safari ziliendelea mpaka mvua zikarudi. Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri, na miwa ikapandwa tena. Katika msimu wa 2017-18 Maharashtra ilizalisha sukari zaidi ya mara mbili ya msimu uliotangulia.